Saa Kumi ya Mzee Nzunda

Balthazar Nzunda wa Ruanda, wilayani Mbozi, alilitumikia Jeshi la Wanamaji miaka kumi na minane, akiwa fundi wa mitambo katika meli za doria. Majirani walimstaajabia: Mnyiha aliyezaliwa kati ya mibuni, akazeekea majini. Mwaka 1989 alistaafu, akarudi kwa mkewe Ferista, aliyekuwa amemlea mwana wao wa pekee, Ezron, kwa jembe na kwa barua za mumewe.

Ezron hakupata kumzoea baba yake. Alipokuwa na miaka minne, alimwona nyumbani likizoni, akamwuliza mama, "Huyu mgeni ataondoka lini?" Ferista alicheka. Balthazar naye alicheka, lakini hakulisahau.

Ferista alifariki mwaka 1995. Ezron, aliyekuwa akifanya biashara Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alifika kaburi likiwa limekwisha kufukiwa. Baba alimtazama mbele ya waombolezaji, akasema, "Melini, anayechelewa huachwa." Kijana aliweka ua lake juu ya udongo, akarudi alikotoka. Ikapita miaka minne wasionane. Mzee alipika mwenyewe na kula mwenyewe; na jioni aliketi ncha moja ya benchi, akiiacha nafasi ya mkewe.

Wakati wa Pasaka ya mwaka 1999 akaja Scola, binti wa mdogo wake, aliyekuwa akichuuza mitumba mpakani.

"Baba mkubwa, Ezron anakuomba uwe getini Tunduma Jumamosi, saa kumi. Atamleta mjukuu wako."

"Kumbe ninaye mjukuu?"

"Unaye, wa miaka mitatu. Nywele zilizokuhama wewe zimehamia kwake."

Jumamosi hiyo alipiga pasi shati jeupe, akafika Tunduma saa tisa. Alisimama wima kati ya malori na wabadili fedha. Saa kumi ikafika, ikapita.

"Mzee, umeahidiana na mchumba?" mbadili fedha mmoja alimtania. "Kaa hapa kivulini. Wa kule hawana haraka."

Hakukaa. Ilipobaki dakika kumi kutimia saa kumi na moja, alijiambia kwamba mwanawe amelipiza kisasi, akapanda basi. Yalikuwapo mabasi mengine mawili baada ya hilo, naye alijua.

Jumanne Scola alifika kwake amekunja uso.

"Baba mkubwa, mbona umemwaibisha mwenzio? Kafika saa kumi kamili, kamvalisha mtoto gauni jipya. Wamesimama mpaka giza likaingia."

"Saa kumi nilikuwapo mimi. Nimemngoja karibu saa nzima."

Scola alishika kichwa. "Ni saa kumi ya kule, baba mkubwa. Wao wako nyuma yetu kwa saa moja."

Hilo Balthazar alilijua tangu ujana wake, kama alijuavyo kila mtu wa huku. Lakini alidhani mwana amwitapo babaye humpa saa ya nyumbani. Na Ezron alidhani baharia hawezi kukosea saa.

Kesho yake alivuka mpaka. Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa imefungwa, na jirani, mama aliyeitwa Witness, alikuwa akifagia uwanja.

"Shikamoo, babu. Ezron amehama jana na mkewe. Amepata kazi Kitwe."

"Marahaba, mama. Mtoto wao anaitwa nani?"

"Ferista."

Mzee aliomba maji. Aliketi kwenye kizingiti cha mlango uliofungwa, akayanywa taratibu mpaka yakaisha, na hata yalipoisha aliendelea kukishika kikombe.

"Akipita tena, babu, nimwambie nini?"

"Mwambie nipo nyumbani. Aje saa yoyote."

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya siku ile. Kutoka Kitwe zilikuja barua mbili, na ndani ya ile ya pili picha ya binti mwenye sare ya shule, nywele nyingi, macho ya bibi yake. Wenyewe hawakuja.