Kidole cha Kalisti na Mbuzi wa Greenbelt

Jumamosi, jua la alasiri bado kali, ukumbi wa jamii mjini Greenbelt, Marekani, umejaa vitenge na manukato. Kalisti amesimama nyuma ya meza ndogo. Juu yake kuna kiboksi cheusi cha midundo, kikubwa kuliko kandambili, kidogo kuliko mkate. Mikono yake haijui iende wapi. Tangu ujana imezoea fimbo mbili za drams. Leo imepewa kazi moja tu, kubonyeza.

"Bonyeza mara moja, kaka, halafu usiguse tena kitu," Fahmi anamwambia huku akinyoosha tai. "Wimbo wote nimeupanga humo ndani."

"Na wimbo ukishaanza, mimi nafanya nini?"

"Unatabasamu."

Kalisti hatabasamu. Leo inaamuliwa kama yeye ni mwanamuziki au mbeba spika.

Fahmi, ambaye sasa ndiye kiongozi wa bendi, alimwambia wazi wazi mapema wiki hii. Kiboksi kikifanya vizuri kwenye sendofu hii, sherehe ya kumuaga bibi harusi, drams zinauzwa, na Kalisti atabaki kwenye bendi kwa sababu gari lake ni kubwa. Kikiharibu, Jumatatu kinarudishwa dukani na Kalisti anarudi kwenye kiti chake. Hakuna njia ya tatu.

Kalisti ana miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Marangu. Siku za kazi anaendesha foklifti kwenye ghala moja la Landover kwa dola kumi na moja kwa saa, ujira ambao anasema "unatosha kuishi, ila si kuishi kwa makelele". Makelele aliyapata kwingine.

Mwaka 1998, yeye na wenzake walianzisha Landover Jazz kwenye baa ya Serah, Mkenya anayeuza nyama choma na bia baridi. Walikuwa na magitaa matatu, tarumbeta moja yenye kikohozi, na drams ambazo ngoma mojawapo ilikaa juu ya stuli ya jikoni. Walevi walidai nyimbo kwa kugonga chupa. Jirani wa ghorofani alidai usingizi kwa kuita polisi.

"Yule afisa alikuja mara nyingi mpaka akawa na wimbo wake anaoupenda," Serah anasimulia akicheka. "Anaingia, anasema punguzeni sauti, halafu anauliza, ule wa mwisho mmeshaupiga?"

Lakini mwenye jengo hakuwa na wimbo anaoupenda. Baridi ya mwaka huu wa 2004 alipiga marufuku drams. Mpiga tarumbeta akahamia jimbo jingine, mpiga besi akaoa na kuokoka wiki hiyo hiyo. Vijana nao, waliokulia hapa, wanaowajibu mama zao kwa Kiingereza, wakawa wanataka kinanda na midundo ya mashine. Fahmi, mtoto wa Tanga anayesoma chuo kule Fairfax, akauza gitaa lake, akaja na kinanda na kiboksi.

Waliobaki ni watatu. Fahmi yuko kwenye kinanda, Kalisti ana kidole chake, na Ilunga, Mkongo mwenye gitaa la solo na shati lisilojua mkunjo, amekaa kona ya jukwaa akikitazama kiboksi kama mtu aliyeletewa mke wa pili bila kuulizwa.

"Mon frère, ndugu yangu, ile haiko muziki," anamnong'oneza Kalisti. "Ile iko mashine ya kufua. Inazunguka, inazunguka, nguo inatoka safi lakini hakuna mwenye amecheza."

Alhamisi iliyopita Kalisti alikichukua kiboksi hicho akakipeleka kwenye duka la vyombo vya mitumba huko Fairfax. Hakwenda kujifunza. "Nilikwenda kutafuta ubaya wake," anakiri bila haya. "Nilitaka mtaalamu aniambie kitaungua lini."

Mwenye duka ni Ryan, Mwaustralia mwenye mvi na masikio mazito, aliyewahi kuwa mpiga drams wa bendi iitwayo Tin Verandah. Nayo ilizaliwa baa, mjini Geelong, ikipigia makuli wa bandarini magitaa makali mpaka glasi zikawa zinatembea zenyewe mezani. Mwaka 1981 mwimbaji wao akaingia na kinanda cha umeme chini ya kwapa na kiboksi cha midundo mfukoni.

"Usiku wa kwanza walitutupia vibanzi vya viazi," Ryan alimweleza. "Wa pili, vibanzi na sahani."

Nusu ya mashabiki walikimbia. Wakaja wengine, wamepaka wanja, wanaume kwa wanawake.

"Wanaume? Wanja?" Kalisti aliuliza.

"Mimi mwenyewe nilipaka. Nilipendeza."

Mpiga gitaa wao alifunga gitaa lake, akaenda kwao, hakurudi tena. Ryan akabaki. Ilikuwaje wasimfukuze? Mwimbaji wao alikuwa na tabia ya kushuka jukwaani na kutembea juu ya kaunta ya baa, na kila mara wimbo uliisha kabla hajarudi. Ryan akajifunza vitu viwili kwenye kiboksi, kitufe cha kurudia kipande na kirungu cha kuzungusha, cha kupunguza mwendo.

"Mashine haioni watu," alimwambia Kalisti. "Lazima awepo mtu mwenye macho."

Kalisti alirudi Landover amekasirika. Alikwenda kutafuta ubaya, akapewa kazi.

Sasa mlango wa nyuma unafunguliwa. Ndafu inaingia.

Sendofu ya Kichaga bila ndafu ni kikao tu. Mbuzi mzima wa kuchomwa, kichwa juu, majani mabichi mdomoni, amelazwa kwenye ubao mrefu uliobebwa mabegani na shangazi wanne. Nyuma yao yuko Honorata, mwenyekiti wa kamati, mwanamke ambaye akikunja uso watu wanaangalia kama wamefunga zipu. Mbele ya wote, akiongoza kwa fimbo na madaha, yuko Bi Domina, bibi yake bibi harusi, aliyetua Jumatano kutoka Moshi akiwa na goti bovu na hamu nzima.

Fahmi anatoa ishara kwa kichwa. Kalisti anabonyeza.

Mdundo unaanza, laini, mtamu. Vigelegele. Fahmi anashusha kinanda, Ilunga anatia nyuzi mbili za kununa. Mambo yanakwenda.

Hapo ndipo Kalisti anapoliona kosa.

Fahmi alipima wimbo jana kwa kutembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi meza kuu, peke yake, kijana mwenye miguu mirefu na asiyebeba mbuzi. Akapanga kwamba akifika mezani tu, chemko, sehemu ya kuchezea, linalipuka, mwendo karibu mara mbili. Lakini ndafu haitembei hivyo. Ndafu inaringa. Bi Domina anasimama kila meza. Anarudi nyuma hatua mbili, anamtikisia fimbo shemeji, anadai atunzwe pesa. Shangazi nyuma yake wanarudi naye, ubao unayumba, mbuzi anainamisha kichwa kama anayesalimia.

Wako katikati ya ukumbi. Chemko liko karibu, na likilipuka shangazi watalicheza na ubao begani.

"Fahmi!" Kalisti anaita. Fahmi amefumba macho, anaimba.

Ilunga ameelewa. Anasogea, jasho kwenye kipaji cha uso. "Acha," anasema. "Acha ianguke, Kalisti. Mbuzi tutamlilia kidogo. Jumatatu unarudi kwa drams yako."

Kalisti anautazama ubao. Anajua mambo ya ghala: mzigo mrefu, juu, unaoyumba, ukiukurupusha unakwenda chini na aliye mbele yake. Na aliye mbele ni Bi Domina, kasimama kwa mguu mmoja mzima.

"Mimi sikusema kitu," Ilunga anaongeza. "Wewe usiguse tu. Si ndivyo umeambiwa?"

Ni kweli, ndivyo alivyoambiwa. Hakuna ambaye angemlaumu.

Kalisti anakitwanga kitufe cha kurudia. Mdundo unashtuka, unarudi mwanzo wa kipande, unatulia. Anakishika kirungu kwa vidole viwili na kukizungusha taratibu, macho hayako kwenye kiboksi, yako kwenye goti la Bi Domina. Goti likipanda, anaachia kidogo. Likisita, anabana. Fahmi anafumbua macho, anamkodolea, lakini kinanda hakimwachii nafasi ya kutukana.

Bibi anamaliza meza ya mwisho. Ubao unashuka mezani, mbuzi yu mzima, majani yake mdomoni. Ndipo Kalisti anapoachia kitufe.

Chemko linalipuka. Hata Honorata anakunja magoti akicheza.

Wakati pilau inapakuliwa, Fahmi anamfuata. "Uligusa?"

"Niligusa."

"Nilikwambia usiguse."

"Wewe Fahmi mdogo wangu, ulipima ukumbi au ulipima miguu yako?"

Kabla Fahmi hajajibu, Honorata anapita na sahani. "Nyie watoto, harusi ni Juni. Mje na hicho kidude chenu." Anamwelekezea Kalisti uma. "Na huyu awepo pale pale alipokuwa. Bila huyu, msije."

Kwa hiyo kiboksi hakirudi dukani. Drams zinauzwa, na Kalisti ndiye aliyeziua kwa mkono wake. Ilunga amekwishafunga gitaa. Anampa mkono bila hasira.

"Umefanya vizuri kwa ule mama," anasema. "Kwangu umenifungia mlango." Anatoka kupitia jikoni.

Kalisti anazungumza nami, mwandishi wa habari hii, akiwa kwenye gari, kiboksi mapajani. Fahmi amemkabidhi akipange mwenyewe hadi Juni. Anasema wimbo wa harusi hatauwekea mwisho, mwisho atautoa kwa mkono akiona watu wamefika. Halafu katikati, baada ya ubeti wa pili, ameshapanga kila kitu kinyamaze, ibaki ngoma ndogo tu, kwa muda ule ule ambao Ilunga hupiga solo.

"Hiyo ni nafasi yake," anasema. "Akija, atapiga. Asipokuja, watu watasikia kwamba hayupo."