Maharage Yangu ya Majani Matupu

Nichekeni tu, jamani, hata mimi nimeshajicheka.

Siku hizi wafanyabiashara wameruhusiwa kuuza mbolea, hatusubiri tena ya ushirika. Nami nikabeba mfuko wa urea kutoka Sumbawanga mjini mpaka Kaengesa, kifua mbele. Maharage nilikuwa nimeyapanda juu ya ntumba, yale matuta yetu ya kufukia nyasi zioze. Nikayamwagia urea bila kupima. Majani yalistawi mpaka nikawa naita watu waje kuyaona! Mama Salome, jirani yangu mzee, aliyasifu kuliko wote.

Lakini maganda hayakutoka. Nikaamua kuwa sifa zile zilikuwa kijicho, mama huyu ameniroga. Nikaacha kumwamkia.

Jana nikamwita bwana shamba. Aling'oa mche mmoja, akauliza nimeweka nini.

"Urea."

"Urea ni naitrojeni tupu, kazi yake majani. Na nyasi zako zilizooza zimeongezea hiyohiyo. Fosforasi ya mizizi na maua hukuweka, wala potasiamu ya kukaza shina na kujaza mbegu."

Nilipumua kama mtu aliyetua gunia. Kumbe hakuna anayenichukia!

"Afadhali!" nikapaza sauti. "Nilidhani Mama Salome kaniroga!"

Bwana shamba akakohoa, macho yake nyuma yangu. Nikageuka. Mama Salome alikuwa amesimama pale na kikapu, amekuja kuomba majani ya mboga.

"Haya, mwanangu," akasema, "mchawi wako bado anasubiri shikamoo yake."