Jumapili Ambayo Upepo Haukuja

Mtaani walimwita Dereva, na hakuna aliyeuliza dereva wa nini. Siku za kazi aliendesha basi la shule, lile refu la manjano ambalo mlango wake haufungiki mpaka uusukume kwa goti, na Jumapili aliendesha boti. Alikuwa mwanamke mfupi wa mabega mapana, mwenye uwezo wa kunyamazisha basi zima bila kupandisha sauti. Watoto walisema ukimdanganya Dereva, atakutazama kwenye kioo mpaka ukiri mwenyewe.

Boti haikuwa yake peke yake. Waliinunua kwa pamoja, yeye na mumewe fundi umeme, Kinyozi wa barabara ya pili, na Mwalimu na mkewe, kwa ajili ya starehe tu: kuvuka ziwa hadi kwenye kisiwa kidogo chenye mchanga, kula, kuogelea, kusinzia kivulini, kisha kurudi jua likiwa bado juu. Haikuwa boti ya kupigiwa makofi. Ilikuwa na injini moja, paa la turubai, na viti ambavyo Dereva mwenyewe alivifunika kwa mabaki ya vitambaa vya viti vya basi. Hata hivyo, mtu aliyethubutu kuiita kijitumbwi mbele yake alijuta kufungua mdomo.

Kikundi chao kilikuwa na sheria moja, nayo iliitwa faini ya gati. Atakayesema hatuendi wakati watu wameshafika gatini na vikapu vyao, basi atawalisha wote nyumbani kwake mpaka washibe, na vyombo ataosha yeye. Aliyesababisha sheria hiyo ni Mwalimu. Enzi hizo, kila alipoamka na uvivu wake alidai kwamba ameota ndoto mbaya kuhusu safari. Tangu faini ilipowekwa, usingizi wake umekuwa mtamu na hajaota tena.

Kazi ya kuamua ilikuwa ya Dereva, kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani, na kazi hiyo ikampa jina la pili, Mama Utabiri. Kuanzia katikati ya wiki alikuwa hatulii. Basi likiwa limesimama kusubiri watoto, anafungua simu. Sufuria ikiwa jikoni, anafungua simu. Alikuwa na programu tatu za hali ya hewa, na alizisikiliza kama unavyosikiliza mashangazi watatu wakisimulia ugomvi mmoja. Zote zikisema kitu kimoja, aliamini. Zikitofautiana, hakuondoka hapo mpaka ajue iliyotia chumvi ni ipi.

Msidhani alizaliwa na akili hiyo. Mwaka wao wa kwanza alikuwa na programu moja tu, na alikuwa ameiwekea jina la mji. Mji ule umekingwa na vilima, kwa hiyo simu ilipomwambia upepo ni mdogo, haikusema uongo: mjini kweli ulikuwa mdogo. Ila wao walikuwa hawaendi kutembea mjini. Walipoipita rasi iliyo mwisho wa vilima, ziwa liliwapokea kwa mawimbi, kofia ya Kinyozi ikaenda zake, kikapu cha chakula kikajaa maji, na wakarudi wameloa chapachapa, kila mmoja akijifanya anacheka. Tangu siku hiyo Dereva alibandika alama yake kwenye ramani ya simu, katikati ya maji, ng'ambo ya rasi, akaacha kabisa kutazama picha ya jua au wingu. Alitazama upepo, na zaidi upepo wa kushtukiza, ule unaokuja kwa mkupuo na kuondoka.

Hakumsimulia mama yake habari za siku ile. Lakini mama aliziona nguo zilivyotundikwa kwenye kamba, zote kwa pamoja, na za Jumapili. Alikwenda chumbani kwake akafunga mlango.

Hapo ndipo penye mzigo wa hadithi hii. Mama alikuwa akiishi nao, katika chumba chenye dirisha linaloangalia ziwa, na siku aliyohamia jambo la kwanza alilofanya ni kuomba kabati la nguo lisukumwe mpaka lizibe dirisha hilo. Kaka yake alizama akiwa kijana, katika safari ya matembezi kama hizi hizi. Mama aliwalea wanawe wote pembeni mwa maji bila kuwaruhusu hata kulowesha magoti. Dereva alipoanza kujifunza boti ukubwani, mama hakumkataza, maana mtu mzima hakatazwi, ila kila Jumapili alikuwa hali mpaka asikie mlango wa mbele umefunguliwa.

Dereva alikuwa na hamu moja maishani, na hamu hiyo haikuwa boti kubwa zaidi. Alitaka mama yake apande. Alitaka siku moja tu mama akae kwenye kiti kile cha kitambaa cha basi, atazame mbele, aone mwanawe anachokijua. Aliomba, akabembeleza, akanyamaza, akaomba tena. Hatimaye, asubuhi moja wakimenya viazi, mama akasema amechoka kuhadithiwa habari za kisiwa na wajukuu. Atapanda mara moja. Siku achague Dereva mwenyewe. Akiingiwa na hofu siku hiyo, basi, asiulizwe tena mpaka anaingia kaburini.

Dereva alichagua siku kama mtu anayechagua mchumba. Aliikataa Jumapili ya kwanza mapema, kabla watu hawajafunga vikapu. Ya pili pia. Ya tatu programu zote zilikubaliana, akatangaza safari.

Asubuhi hiyo ziwa lilitulia kama maji ya beseni. Wote walikuwa gatini. Mama alikuwa ameshavaa jaketi okozi tangu nyumbani, amepita nalo barabarani watu wakimtazama, na sasa alisimama ameshika nguzo ya gati kwa mkono mmoja na mkoba wake kwa mwingine. Alikuwa amekaza midomo. Lakini alikuwa amefika, na Dereva alipomwona hapo kifua kilimjaa.

Akatoa simu aangalie mara ya mwisho, kama kawaida yake. Programu moja ilikuwa imebadilika. Mchana, ng'ambo ya rasi, ilionyesha upepo wa kushtukiza wenye nguvu, tena saa zile zile za kurudi. Akafungua ya pili, nayo ilikuwa imeanza kuelekea huko, kwa mbali. Ya tatu ilikuwa bado inasema shwari.

Alisimama pale na simu mkononi. Akisema hatuendi, mama aliyechukua miaka kufika kwenye ile nguzo huenda asirudi tena. Akisema twende na upepo ukaja, itakuwa mbaya zaidi ya hapo. Na huenda usije, zile ni simu tu, nazo hukosea. Alijiuliza swali moja: kama mama asingekuwepo, leo ningeng'oa nanga? Jibu alilijua kabla hajamaliza kuuliza.

"Hatuendi," alisema.

Kinyozi alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akatoa simu yake na kuiinua juu ili gati lote lione.

"Dada, hebu angalia. Jua. La manjano, limekaa katikati kabisa, hakuna hata wingu."

"Hilo jua naliona hata bila simu," Dereva akamjibu. "Mimi nasema upepo. Mchana siwezi kuwarudisha watu kupitia hapo nje ya rasi. Hatuendi."

Mwalimu akauliza kwa upole kama kuna mtu ameota ndoto, na watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliachia nguzo, akafungua vifungo vya jaketi lake polepole, akalikunja, akatangulia kwenda nyumbani. Dereva alimtazama mgongo mpaka alipokata kona.

Faini ni faini. Walijazana uani kwa Dereva, mumewe akatoa viti na meza, yeye akaingia jikoni, na watu wakala kwa bidii ya kulipiza kisasi. Mchana ukafika. Saa ile iliyotajwa ikafika, wote wakageuza shingo kutazama miti ya nyuma ya nyumba. Hakukutikisika hata jani. Kinyozi alilowesha kidole akakiinua hewani, akakishikilia hapo kwa subira ndefu. Mwalimu akauliza iwapo sahani zifungwe kamba zisije zikapeperuka. Baadaye mtu mmoja aliyetoka kisiwani na boti yake alipita pale barabarani, akasema huko kulikuwa shwari kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akashangaa kwa nini hawakwenda.

Dereva alicheka pamoja nao, maana alijua kutaniwa ni sehemu ya ada ya usukani. Lakini alipobeba vyombo na kuingia jikoni peke yake, kicheko kiliishia mlangoni. Iliyomuuma haikuwa faini. Alikuwa amepewa siku moja tu na mama yake, na ameitumia kuosha sahani.

Nyuma yake akasikia kitambaa kikivutwa kwenye msumari. Mama alikuwa amesimama, anaanza kufuta sahani zilizokwisha suuzwa.

"Mama, nisamehe. Upepo haukuja."

"Nimeona."

Wakaendelea, mmoja anaosha, mwingine anafuta. Kisha mama akaanza kusema, macho yakiwa kwenye sahani, jambo ambalo Dereva hakuwahi kulisikia tangu azaliwe.

"Siku ile ya mjomba wako, mimi nilikuwa hapo ufukweni. Yule aliyeshika usukani aliona. Alisema kabisa, jamani, hali siipendi, tuahirishe. Wakamcheka. Wakamwambia muoga, wakamwambia avae gauni. Akaona haya, akafungua kamba." Akaiweka sahani juu ya nyingine. "Miaka yote nasema naogopa maji. Leo nimesimama pale nikakuangalia wanavyokucheka, na mimi mwenyewe nimevaa lile jaketi lenu kama kinyago, na umesema hatuendi."

Dereva alikuwa ameacha kuosha. Povu lilimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Jumapili ijayo ukisema twende, nitapanda," mama akasema. "Ukisema hatuendi, nitakuja hapa tufute vyombo. Hizi mbona hujasuuza?"

Dereva akazisuuza upya, zote, hata zile safi, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi na hakuona ipi ni ipi. Huko uani Kinyozi alikuwa bado anatangaza utabiri wake wa kidole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Dereva alimwona anachekesha kweli. Alijisikia mtu mkubwa. Alisimama kwenye sinki lake, na aproni imelowa, akiwa na fahari ambayo hakuipata hata siku alipokabidhiwa leseni.

Jumapili iliyofuata mashangazi wote watatu walisema lugha moja, na asubuhi hawakubadili kauli. Mama alipanda. Kinyozi, ambaye kwa utani wake wote ana roho nzuri, alimpa mkono na kumkalisha katikati, mbali na kingo. Tangu walipotoka gatini mama alikuwa amefumba macho, na mkono wake umeng'ang'ania kitambaa cha kiti. Walipoikaribia rasi Dereva alipunguza mwendo mpaka injini ikawa inanong'ona. Hapo ndipo maji ya mji yanapoishia na ziwa lenyewe linapoanza.

Mama akafumbua macho. Akatazama huko mbele, maji matupu mpaka upeo wa macho.

"Huko hali ikoje?" akauliza.

Dereva akatia mkono mfukoni, akatoa simu, akaifungua. "Inasema shwari, mama. Mpaka jioni."

"Sijaiuliza hiyo," mama akasema. "Nimekuuliza wewe."

Dereva akairudisha simu mfukoni. Alitazama maji, akatazama vilima, akamtazama mama yake.

"Shwari, mama."

"Basi twende."