Kobe Wasio na Magamba

Irine alikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Sakina, na mawazo yake yalizoea kwenda mbali. Alishona sare za shule macho yakiwa kwenye mawingu ya Mlima Meru, na mara nyingi mikono ilimaliza kazi yeye mwenyewe akiwa bado hajarudi.

Mwaka jana, wakati wa mvua, mwalimu Gadiel alimletea kazi mpya: kobe wa kushona, ukoo mzima hadi kasa wa baharini, wa kuning'iniza kwenye kamba darasani. Picha zao zilikuwa kwenye simu yake.

"Shikamoo, mama. Hawa ni wa gamba laini. Hawana magamba magumu kama kobe wa nchi kavu, wamefunikwa ngozi tu. Wako makundi mawili. Wa hapa wana vifuniko tumboni, vya kuficha miguu ya nyuma. Wa kundi la pili hawana."

"Kama kifuniko cha mfuko wa koti?"

"Hivyo hivyo."

Aliwashona kwa ngozi laini ya mbuzi, akawatia pua ndefu nyembamba. Usingizini alijiona amejifukia kwenye matope ya mto, pua tu ikichungulia juu ya maji, na hakuna aliyemwita.

Wa mwisho alikuwa na miguu mipana kama makasia, basi akamweka pamoja na kasa wa baharini. Gadiel alipokuja kuwachukua, alimwondoa pale.

"Miguu yake inadanganya. Mtazame mgongoni, naye ni ngozi. Ndugu zake wa karibu ni hawa wa gamba laini, ila ana familia yake. Anaishi Australia na Guinea Mpya. Jamaa zake wengine walishatoweka zamani sana."

"Kwa hiyo amebaki peke yake?"

"Katika familia yake, ndiyo."

Irine alimshika kiganjani. Alilelewa Marangu kwa shangazi yake, binti mrefu mweusi katikati ya watoto wafupi weupe. Wageni walipouliza ametoka wapi, shangazi alijibu, "Huyu ni wetu," akaendelea kukoroga mtori wa ndizi.

Irine alichukua sindano na uzi, akamshona kwenye kamba, kando ya wale wa gamba laini, karibu kiasi kwamba kasia lake liliwagusa.

Gadiel aliondoka na mzigo. Vipande vya ngozi vilibaki mezani. Irine akavitumia kukata na kushona kobe mwingine kama yule wa miguu ya makasia, mdogo zaidi, ambaye hakuna mtu aliyemwagiza. Akamwekea macho kwa gundi na kumwacha dirishani akauke.