Jumapili Niliyongoja Maji Yarudi

Siku yangu ya kwanza kazini, Komanda wa kivuko alinikabidhi mti mrefu wenye mistari myekundu na myeupe, akasema huyo ndiye mke wangu wa kwanza. Ulikuwa mti wa kupimia kina cha maji. Kivuko chetu, chombo cha chuma chenye tumbo bapa, kilivusha malori na watu mtoni, kutoka ukingo wa Makiso hadi ule wa Lubunga. Mimi nilipewa ulinzi wa kamba, yaani kulegeza kamba na kukisukuma kivuko kwenye kina kila maji yanapopungua, kisije kikakaa juu ya mchanga. Komanda alinieleza haya kwa dakika tano, kikombe cha chai mkononi. Nikaitikia, ndiyo papa, kama tunavyomwita kila mkubwa. Moyoni nilijiona nayajua maji kuliko wote pale.

Na kweli niliyajua, ila ya kwetu. Mama yangu alikuwa mtu wa bara, wa Maniema, lakini alimfuata baba hadi Moanda, kule nchi yetu inakoishia baharini, na huko ndiko nilikokulia. Joto na chumvi havikututoka mwilini mwaka mzima. Maji yakipwa, yaani bahari ikijivuta nyuma, mitumbwi ilibaki imelala kwenye tope na hakuna aliyeshtuka. Sisi watoto tulikimbilia kaa, mama akiokota chaza kwenye mizizi ya mikoko, kitenge amekikunja hadi magotini. Nilipokuwa mdogo sana niliuona mtumbwi wa baba umekwama hivyo, nikalia. Mama akanikalisha, akanipa kipande cha muhogo, akasema tule kwanza, maji yatarudi. Tukala, nikasinzia mapajani mwake, na kabla jua halijazama mtumbwi ulikuwa unaelea. Hadi leo nikila muhogo wa kuchemsha namkumbuka mama.

Jumapili yangu ya kwanza niliachiwa kivuko peke yangu, upande wa Lubunga. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Asubuhi maji yalishuka mstari mmoja kwenye mti wangu. Saa sita, mstari wa pili. Kamba zilikazika, nami sikuzigusa. Nilifungua kwanga yangu, mkate wa muhogo, na samaki mkavu, nikala taratibu, nikakaa kungoja maji yarudi.

Jumatatu asubuhi kivuko kilikuwa kimekaa juu ya mchanga kama sufuria juu ya meza, na mto ulikuwa bado unashuka. Mto wetu ukianza kushuka hushuka wiki baada ya wiki. Hilo hata mtoto wa Lubunga analijua. Malori yalipanga mstari. Akina mama wenye mafurushi ya sombe, majani ya muhogo, walinitazama, wakatikisa vichwa, wakapanda pirogi, mitumbwi ya kupigwa kasia.

Mkuu wa gati alivuka kuja kwetu akiwa amefura. Alisema kabla ya saa sita niwe nimeshika njia ya kurudi nilikotoka. Komanda akanivuta pembeni, akaniuliza nilikuwa wapi jana. Midomo ilinicheza.

“Papa, kwetu maji ikienda, inarudi siku ileile. Nilikuwa naingoja.”

Komanda alizaliwa Lubunga na hakuwahi kuiona bahari. Kisha akamrudia Mkuu, akasema kosa ni lake, hakumfundisha mgeni mto. Barua ya lawama iliandikwa kwa jina lake, akaisaini mbele yangu. Kwa siku tatu tulichimba mchanga chini ya kivuko, yeye mwenyewe majini hadi kiunoni, mpaka tukakivuta kwenye kina.

Nilibaki. Kutoka kwenye kamba nilipanda hadi kwenye usukani, na mwisho nikawa Komanda. Kila mfanyakazi mgeni, kabla sijampa mti, nilimuuliza amekulia kwenye maji gani. Walinicheka sana kwa swali hilo, lakini nililiuliza hadi siku ya mwisho.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Lubunga kumsalimu Komanda wangu wa zamani. Alikuwa mzee hasa, miguu haimbebi tena. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha video ya bahari kwenye simu. Aliponiona alinishika mkono, hakuniachia.

“Kumbe ni kweli,” alisema. “Maji inarudi.”

“Inarudi, papa. Mara mbili kila siku.”

“Siku ile nilizani ulilala tu. Nilisema, huyu mutoto iko anaongopa.”

Miaka yote ile niliamini alinitetea kwa kuwa aliniamini. Nikamuuliza, basi kwa nini alisaini ile barua.

“Ulikuwa unatetemeka,” akasema. “Sasa ningefanya nini?”