Wale Wasiolia

Harufu ya tindikali ya betri ya gari ndiyo inayonirudisha Mbita, kando ya ziwa, likizo ile ya miaka ya tisini. Televisheni ilikuwa moja tu mtaani, isiyo na rangi, ikiendeshwa kwa betri hiyo, katika duka la Mwislamu mmoja kutoka pwani, naye alituruhusu watoto tukae sakafuni mradi tusiguse magunia ya sukari. Humo tukaona kipindi cha Wazungu, cha zamani hata kwa wakati ule: viumbe wa sayari nyingine wameshuka, wamevaa suti na kofia, wanaishi na watu, wanaoa, wanakwenda kazini. Walifanana na binadamu kwa kila kitu ila kimoja. Hawakuweza kulia. Walitambuliwa msibani, kila mtu akifuta macho, wao wametulia tu. Binamu yangu Ouma akaapa kuchunguza macho ya kila mtu.

Juma hilohilo babu, mzazi wa baba, akafa. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na kwetu Wajaluo huingia wakiomboleza tangu barabarani. Mama hakulia. Yeye ni Mkuria wa Isebania, na si kwamba kwao hawalii. Ni yeye tu, machozi yake hayapendi kutazamwa. Huzuni yake ilikwenda mikononi: alichota maji ziwani, akasonga ugali wa umati, akasugua masufuria mpaka yakang'aa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alilishika jembe la boma lile tangu alipoolewa, na bado walimwita nyar Kuria, binti wa Wakuria.

Jikoni, mbele ya wanawake, Ouma akamnyooshea mama kidole. "Sisi tuliona kwa TV. Watu wa sayari ingine hawaliangi." Watoto wakacheka. Shangazi yangu mkubwa hakucheka. "Nyar Kuria, huyu mzee alikuwa nani kwako? Macho kavu hivyo? Tukimaliza kuzika, urudi kwenu Isebania." Neno la shangazi lilikuwa na uzito bomani, nami niliogopa kweli. Kisha nikakasirika, na hasira ikaishinda hofu.

Siku ya mazishi wajukuu tuliitwa tumuage babu. Shangazi alisimama kando ya jeneza akikagua uso wa kila mmoja. Babu alinipenda sana. Ndiye aliyenichambulia miiba ya samaki. Machozi yalikuwa yamefika kooni. Nikayameza, nikaenda kushika sketi ya mama.

"Lia, mwanangu," alininong'oneza. "Babu alikuwa wako."

"Sitaki." Kisha nikapaza sauti shangazi asikie: "Kama mama ni wa sayari ingine, mimi pia nimetoka huko. Mturudishe sisi wote."

Baba akawaacha wazee, akaja kusimama upande wa pili wa mama. Habari ya Isebania haikutajwa tena.

Leo nina televisheni ukutani, hapa Migori, na viumbe wa sayari nyingine wana rangi zote. Watu bado wanatafuta wa kufukuza, safari hii kwa lafudhi na jina la ukoo. Mama bado yuko bomani kwake, Mbita. Mimi hulia nipendavyo, arusini, hata nikikata vitunguu. Lakini babu sijamlilia hadi leo. Machozi yake ninayo, na hayatatoka kwa amri ya mtu aliyesimama kuyangoja.