Mashimo Matatu Mlangoni

Kinyonga aliingia nyumbani kwetu Ijumaa moja jioni, ndani ya mfuko wa karatasi ambao mimi nilidhani una mkate. Mume wangu alikuwa mwalimu wa bayolojia katika shule ya bweni upande wa Masii, na kila wikendi akija nyumbani Machakos hakosi kitu mkononi. Nikatia mkono mfukoni bila kuangalia. Kitu kibaridi kikanishika kidole, kikakaza, vile mtoto mchanga anavyoshika. Nilipiga kelele nikautupa mfuko chini, na yeye akacheka mpaka akatafuta kiti. Sikumsemesha hadi Jumapili tulipotoka kanisani.

Wanafunzi wake walikuwa wamemzunguka yule mnyama kwa mawe, akamwokoa, sasa hakujua ampeleke wapi. Hivyo ndivyo alivyonieleza. Mimi nilimwambia ampeleke popote pale, mradi si kwangu. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano na sikutaka mchezo. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hiyo, ya kwanza ikiwa changa, ya pili nikiwa tayari nimeshona nguo nne za mtoto. Hii ya tatu nilikuwa nimeibeba kwa woga, natembea kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani.

Lakini hasira zangu huwaka upesi na kuzima upesi. Jumatatu mume wangu akarudi shuleni, nikabaki na cherehani yangu, redio, na kinyonga kwenye tawi la mpera lililochomekwa ndani ya ndoo ya udongo, dirishani sebuleni. Siku ya pili nikamkuta ameinua kichwa analamba jasho la kioo. Alikuwa na kiu, maskini, na mimi nilikuwa nimemwekea maji kwenye kisahani kama paka. Nikachovya vidole kwenye kikombe nikayanyunyizia majani ya mpera. Akaanza kunywa, tone moja moja, koo likicheza. Nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa.

Basi nikawa mlezi. Asubuhi namnyunyizia maji. Saa nne, jua likishika, namhamishia kwenye vyuma vya dirisha apate joto. Panzi nilikuwa nawakamata mwenyewe kwenye majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba, na tumbo langu hilo, na majirani wanapita wanajifanya hawanioni. Nilimfunga uzi mwekundu wa cherehani mguu wa nyuma, usiobana, nikafunga ncha ya pili dirishani. Baadaye, nilipoona haendi mbali, niliukata, nikamwachia ile bangili tu mguuni. Nilikuwa nikimsengenyea wateja wangu. Jicho moja lilinitazama mimi, lingine lilitazama barabara, na sijawahi kupata msikilizaji mzuri kama huyo.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mama mkwe akaja kukaa nami. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, mnusa ugoro, na kikopo chake kilikaa kwenye pindo la leso usiku na mchana. Alikuja kwa sababu alikuwa ameshazika matumaini mara mbili na hakutaka mara ya tatu. Tena alikuwa na haki yake. Kwetu Wakamba msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na yeye alikuwa ameota ni msichana. Alikuwa anamngoja wajina wake.

Alifika sebuleni akamwona kinyonga, akarudi nyuma hatua mbili. Hakupiga kelele. Aliweka mzigo wake chini akaniuliza kwa Kikamba, polepole, "Hiyo inakaa humu na wewe?"

Nikamwambia mwanawe ndiye aliyeileta.

"Na unaiangalia?"

"Naiangalia, nailisha, na jana nimeiimbia," nikamjibu. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Hakukaa sebuleni hata siku moja. Alipikia nje, akala nje, akalala chumba cha nyuma. Jioni moja, tukichambua kunde, akanisimulia ile habari ambayo mimi pia nilisimuliwa utotoni kule Masinga nikaipuuza. Kwamba Mungu alimtuma kinyonga kwa watu awaambie hawatakufa. Kinyonga akafika, akaanza, "Niliambiwa... niliambiwa ni...", akakwama hapo hapo na kigugumizi chake. Ndege aliyekuwa nyuma yake akachoka kungoja, akamkata maneno, akasema watu watakufa na kuisha. Lililotangulia kusemwa ndilo lililosimama.

"Kwa hivyo kosa ni la ndege," nikasema.

"Kosa ni la yule aliyekuwa na neno la uhai mdomoni akashindwa kulitoa," akasema. Halafu akanionyesha kikopo chake. Kinyonga hapigwi, akaniambia, kwa sababu hufai kumgusa. Unachukua kijiti, unachovya ugoro, unamtilia mdomoni. Inatosha kumuua. Nikamwambia akijaribu, atarudi kwake siku hiyo hiyo, na mimi ndiye nitakayemsindikiza mpaka njia panda ya Kyumbi apande basi. Mtu haongei hivyo na mama mkwe. Alifunga kikopo, akaendelea kuchambua kunde.

Mvua za Novemba zikaanza. Mume wangu akaitwa kusahihisha mitihani ya taifa, wiki mbili mfululizo, na siku hizo simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wakubwa. Alipoondoka tu, kinyonga akabadilika. Alikataa panzi. Nilimletea wa kijani, nikamletea wa kahawia, akawaacha wakatembea juu ya miguu yake. Alikuwa ananenepa bila kula. Rangi yake ikawa nyeusi nyeusi yenye madoa ya njano, na haikurudi. Usiku mzima nilimsikia akikwaruza ndoo.

Siku ya tatu nilimkosa kwenye tawi. Nilimpata nje, pale mlangoni, kwenye kitalu changu cha maua. Alikuwa anachimba. Mnyama ambaye hajawahi kukanyaga sakafu kwa hiari yake alikuwa anachimba udongo kwa mikono miwili, anausukuma nyuma, anapumzika, anachimba tena. Nilimrudisha. Baada ya saa moja alikuwa ameshuka tena.

Mama mkwe alisimama kando ya nyumba na sufuria mkononi. Aliliangalia lile shimo, refu kidogo kuliko kiganja, jembamba, limenyooka vizuri. "Lina kipimo," akasema. Nilijua anafikiria kaburi la mtoto.

Jioni kinyonga alikuwa ameliacha lile la kwanza na kuchimba lingine, hatua moja karibu zaidi na kizingiti. Nalo akaliacha wazi, tupu. Nilienda kulala na mashimo mawili yamenikaa kichwani. Mimi mwenyewe nilikuwa na mawili. La kwanza tulilichimba nyuma ya mpera wa mama yangu, la pili hospitali hawakunipa cha kuzika. Nilijiambia we mwanamke, una cheti cha kidato cha nne, lala. Sikulala.

Asubuhi ya siku ya nne mtoto hakucheza tumboni. Nilikunywa maji baridi, nikalalia ubavu wa kushoto, nikajifinya. Kimya. Mama mkwe alikuwa ameteremka shambani kuchuma mboga, na mimi nikatoka nje nikishika ukuta. Shimo la tatu lilikuwa limefika kwenye kizingiti. Safari hii kinyonga hakuwa nje ya shimo. Alikuwa ameingia kinyumenyume, kichwa tu kimebaki juu, mdomo wazi, na jicho moja limenigeukia.

Kikopo kilikuwa juu ya kigoda ambapo mama mkwe alikunywa chai. Nilivunja kijiti kwenye ua wa kayaba, ule wa miiba unaozunguka nyumba, nikakichovya ugoro. Sikuwa na shaka yoyote, mkono wangu ulikuwa imara kuliko ninapotunga uzi kwenye sindano. Nilimwambia, "Huyu humpati." Alikiuma kijiti mwenyewe. Kwanza hakuna kilichotokea. Halafu rangi zikaanza kupita mwilini mwake, nyeusi, kijani, njano, nyingine ambazo sikuwahi kumwona nazo, zinakuja na kuondoka kana kwamba anatafuta moja itakayomsaidia. Mwisho akabaki mweupe. Alitetemeka kwa muda mrefu. Nilimsukumia udongo juu, nikakanyaga, nikafukia na yale mawili mengine.

Sijamaliza kunyoosha mgongo, mtoto akapiga teke. Teke kubwa, la mbavuni. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia kwa furaha. Nasema ukweli, nilifurahi, na kama angekuwa bado hai ningemuua tena.

Mama mkwe aliporudi na mboga, aliangalia kitalu kilichosawazishwa, akaangalia kikopo chake, ambacho nilikuwa nimekifunga upande. Akanitazama. Alikifungua, akanusa, akapiga chafya, akaanza kuosha mboga.

Mume wangu aliporudi nilimwambia kinyonga ametoroka. Alizunguka ua wa kayaba jioni baada ya jioni, anafunua majani, anapiga mluzi, kana kwamba kinyonga ni mbwa. Mikono yake ilijaa mikwaruzo ya miiba. Nilimpaka mafuta. Krismasi ikapita, na mapema Januari nikajifungua msichana mwenye mapafu ya kuuza. Siku ya tatu akapewa jina la nyanya yake, na mama mkwe akamshika akasema, "Karibu, mimi."

Mwaka ukaenda, mvua za Novemba zikarudi. Mama mkwe alikuwa amekuja kumwona wajina wake. Ilikuwa Jumamosi, jua limetoka baada ya mvua ya usiku, mtoto ameketi kwenye mkeka mlangoni. Nilisikia akicheka peke yake. Nikageuka kutoka kwenye cherehani nikaona kitu cha kijani kikipanda mkono wake, kidogo, hakizidi kucha ya kidole gumba, mkia umejikunja. Kingine kilikuwa kwenye mguu wake. Vingine vilikuwa vinatoka kwenye udongo wa kitalu, kimoja kimoja, kwa mwendo ule ule wa kusitasita, vinaelekea majani.

Nilishindwa kumnyanyua mwanangu.

Mume wangu ndiye aliyekuja mbio, na yeye alikuwa na furaha. Alipiga magoti kwenye matope. "Kumbe alikuwa jike," akasema. "Kumbe hakutoroka bure. Alikuwa na mayai." Akaanza kunifundisha, mwalimu ni mwalimu. Jike likikaribia kutaga huacha kula, hushuka chini, huchimba. Udongo usipompendeza huacha, huchimba pengine, hata mara mbili, mara tatu. Halafu huingia kinyumenyume, hutaga, hufukia, huenda zake. Mayai hukaa ardhini karibu mwaka mzima.

Nilisikiliza yote hayo nimesimama. Akaomba kijiko, anataka kuona maganda, awapelekee wanafunzi. Mimi ndiye niliyempa kijiko.

Alichimba taratibu ili asiumize vilivyobaki. Maganda yalikuwepo, meupe, yamepasuka. Lakini juu yake kulikuwa na mifupa, myembamba kama miba ya samaki, na kwenye mmojawapo bangili ya uzi mwekundu. Uzi wa cherehani hauozi. Aliushika muda mrefu. Alikumbuka, nadhani, ile miiba ya kayaba.

"Nani?" akauliza. Hakupandisha sauti.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. "Ni... mimi ni... nili..." Neno lilikuwa pale, liko tayari, na ulimi wangu, huu huu wa kumjibu kila mtu, ukakwama.

"Ni mimi," mama mkwe akasema kutoka kwenye kigoda. "Na ugoro wangu. Nilikwambia tangu mwanzo kile kitu sikitaki."

Mwanawe alimwamini. Kwa nini asimwamini? Kila mtu alijua alichosema kuhusu kinyonga yule. Mume wangu aliinuka, akawabeba vinyonga wadogo kwa kiganja mpaka kwenye ua, akarudi, akabeba wengine. Hakumwangalia mama yake siku ile yote. Jioni nilimfuata mama mkwe jikoni nikamwuliza kwa nini.

"Wewe unaishi naye," akasema. "Mimi narudi kwangu kesho. Nipe hiyo chumvi."

Nilikuwa na nia ya kusema ukweli wiki iliyofuata. Halafu baada ya Krismasi. Mume wangu si mtu wa kugombana, yeye hupoa. Zamani kila mwisho wa mwezi alikuwa akimnunulia mama yake ugoro sokoni, akaacha. Akienda kwake husimama uani, hula kidogo, huangalia saa. Mama mkwe hakuwahi kunilaumu. Alikuwa akinitumia kunde.

Alifariki mtoto akiwa na miaka minne. Kaburini mume wangu alipewa nafasi aseme machache. Alisema mama yake alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mtu wa maneno machache. Kisha akasema kuna jambo moja alimfanyia, na mbele ya watu wote amemsamehe. Watu wakasema amina bila kujua ni jambo gani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, nimeshika mkono wa binti yetu mwenye jina lake, nikasema amina pamoja nao.